Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Masomo ya Darasani na Kazi za Kiwandani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Nimepewa nafasi katika gazeti letu la muhula huu niandike habari za masomo yetu na kazi za viwandani. Mimi ni msichana wa miaka 17, nakaa bwenini, wala sijapata kufanya kazi ya mshahara hata siku moja. Kwa hiyo sitajifanya mjuzi. Nitaeleza niliyoyaona, niliyoyasoma, na yale ambayo darasa letu lilijaribu, kisha kila msomaji, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi, atapima mwenyewe.

Swali langu ni hili: somo la darasani litengenezweje ili mtu aliyelisoma, siku atakapofika mlangoni mwa kiwanda, asiwe mgeni wa kazi?

HABARI YA KAKA YANGU

Kaka yangu alimaliza Kidato cha Nne miaka michache iliyopita. Alikuwa hodari wa Fizikia, na nyumbani sote tulijua hivyo. Baadaye alisikia kwamba kiwanda fulani kinatafuta vijana wa kujaribiwa kazi, akaenda na vyeti vyake ndani ya bahasha. Mama alimpigia pasi shati tangu usiku.

Msimamizi hakuuliza habari za vyeti. Alimpa kipande cha chuma cha mviringo na kalipa, akamwambia, "Kijana, nipimie unene wa chuma hiki." Kaka yangu alikipima, akasoma, akajibu, "Milimita 25.3, mzee." Yule msimamizi akaichukua kalipa, akaifunga taya zake bila kitu kati yake, akamwonyesha. Ilipofungwa haikusoma sifuri, ilisoma 0.3. Basi kipimo cha kweli kilikuwa milimita 25.0. Msimamizi akamwambia, "Hukutazama sifuri kabla ya kupima. Ungekuwa kazini, chuma hiki kingekwisha haribika."

Kaka yangu alirudi nyumbani jioni ile ile. Jambo lililomwuma zaidi si kukosa kazi. Alituambia kwamba kosa la sifuri alilijua sana. Alikuwa amelisoma, amelichora kwenye daftari, na hata amelijibu kwenye mitihani akapewa alama zote. Lakini alilijua kama swali la mtihani. Mkononi mwake hakuwa nalo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kosa lilikuwa la nani? Kaka yangu hakuwa mvivu. Walimu wake hawakuwa wavivu. Kiwanda nacho kilitaka jambo la haki. Nafikiri kosa lilikuwa katika somo lenyewe, kwa jinsi lilivyotengenezwa. Lilimfikisha mwanafunzi kwenye karatasi, likamwacha hapo.

STULI ZA MAABARA

Muhula huu maabara yetu ilikuwa na stuli nyingi zilizovunjika miguu. Mwalimu wetu wa Fizikia aliomba ruhusa tuzitengeneze sisi wenyewe, tukisaidiwa na fundi seremala wa shule. Baadhi yetu tulicheka. Wengine walisema kwamba mtihani umekaribia na hii ni kazi ya kupotezewa wakati. Mwalimu alisema maneno machache tu: "Kila kipimo kiandikwe."

Tuligawanywa makundi mawili. Kila kundi lilitakiwa kukata miguu 8, kila mguu uwe na urefu wa milimita 600. Fundi alituambia kwamba mguu ukizidi au ukipungua kwa milimita 1 atausamehe, lakini zaidi ya hapo ataukataa, kwa sababu stuli itatikisika, na mtu aliyeshika chupa ya tindikali hafai kukalia stuli inayotikisika.

Kundi la kwanza, ambalo mimi nilikuwamo, tulipima mguu wa kwanza kwa rula kwa uangalifu mwingi. Kisha tukaulaza juu ya ubao, tukachora mstari kwa penseli, tukakata wa pili. Mguu wa pili tukautumia kupimia wa tatu, na wa tatu kupimia wa nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tulikwenda mbio, tukawatangulia wenzetu, tukajisifu.

Kundi la pili walikwenda polepole. Wao walikata kwanza kipande kimoja cha ubao mwembamba chenye urefu wa milimita 600 kamili, wakakikagua mara tatu, wakaandika juu yake neno KIGEZO. Kila mguu ulipimwa kwa kigezo hicho, wala hawakupima mguu kwa mguu.

Tulipomaliza, kila kundi lilipima miguu ya kundi jingine na kuandika ubaoni kwa mfuatano wa kukatwa. Miguu yetu ilikuwa hivi: 600, 601, 602, 602, 603, 604, 605, 606. Ya wenzetu ilikuwa hivi: 599, 600, 601, 600, 599, 601, 600, 600.

Fundi aliitazama ile mistari miwili ya tarakimu, akaifuata yetu kwa kidole. Miguu 2 tu kati ya 8 ilipita. Ya wenzetu ilipita yote. Akatuambia, "Binti zangu, mlikuwa hodari wa kukata. Lakini kila mguu ulimwamini jirani yake, na jirani naye alikuwa na kosa lake."

Hapo ndipo tulipoelewa. Unapolaza mguu juu ya ubao na kuchora, mstari wa penseli hukaa nje kidogo ya mguu. Ukikata juu ya mstari huo, mguu mpya huzidi kidogo. Ukiutumia huo kupimia mwingine, kosa dogo hupanda juu ya kosa dogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekosea sana. Tulikosea kidogo kidogo, tena upande ule ule, na hilo lilitosha kuharibu kazi.

Bahati yetu ni kwamba miguu ilikuwa mirefu, si mifupi. Mguu mrefu hupunguzwa kwa msumeno. Mguu mfupi hakuna msumeno wa kuurefusha. Tulikaa saa moja na nusu zaidi kurekebisha miguu 6, na wenzetu walikwenda kunywa chai. Kazi iliyofanywa mara mbili ni kazi iliyokula wakati mara mbili, na kiwandani wakati huo hulipiwa mshahara na umeme.

JINSI SOMO LILIVYOENDELEA

Siku ya pili mwalimu wa Hisabati aliomba tarakimu zile zile. Tulitafuta wastani. Wetu ulikuwa karibu 602.9, na wa wenzetu 600 kamili. Tukatafuta tofauti kati ya mguu mrefu kabisa na mfupi kabisa: kwetu milimita 6, kwao milimita 2. Kisha akatwambia tuchore grafu, mguu wa kwanza hadi wa nane. Grafu ya wenzetu ilipanda na kushuka karibu na mstari wa 600. Grafu yetu ilipanda kama ngazi.

Mwalimu akaeleza jambo ambalo sitalisahau. Vipimo vinavyopanda na kushuka huku na huku ni jambo la kawaida katika kila kazi, kwa maana hakuna mkono wala mashine inayokata sawasawa kabisa kila mara. Lakini vipimo vinapofuata njia moja, kupanda tu au kushuka tu, kuna sababu imejificha, na yatupasa tuitafute kabla ya kukata kipande kingine. Mwaka 1924 mtu mmoja aitwaye Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric huko Marekani, alibuni mchoro wa namna hiyo ili wakaguzi wa kiwanda waweze kutenganisha mabadiliko ya kawaida na mabadiliko yenye sababu ya pekee. Mpaka leo viwanda vya nchi nyingi hutumia michoro ya jinsi hiyo. Nasi tulikuwa tumefika mlangoni pa elimu hiyo kwa miguu ya stuli.

Angalia basi, msomaji, jinsi kazi moja ilivyobeba masomo mengi. Kupima ni Fizikia. Wastani na grafu ni Hisabati. Kuandika taarifa ya kazi ni Kiswahili. Bei ya mbao iliyopotea ni Uwekaji Hesabu. Hakuna mwalimu aliyetoka nje ya somo lake, wala hatukununua mashine hata moja.

WENGINE WALIVYOFANYA

Swali hili si jipya duniani, na yafaa tujue wengine walilijibu vipi.

Katika mji wa Moscow, mwaka 1868, mkuu wa shule ya ufundi aliyeitwa Viktor Della-Vos alitenga karakana za kufundishia na karakana za kuzalisha mali. Zamani kijana alijifunza kwa kumtazama fundi na kuokota maarifa kama aokotaye kuni. Della-Vos aliichambua kila kazi katika sehemu zake: kupima, kukata kwa tupa, kutoboa, kuunga. Akazipanga kutoka nyepesi hata nzito, na kila mwanafunzi akawa na meza yake na zana zake. Kazi za wanafunzi wa shule hiyo zilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876. John Runkle, aliyekuwa mkuu wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts, aliziona, akaupeleka mpango huo chuoni kwake.

Katika mji wa Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, Herman Schneider alianza njia nyingine. Aliona kwamba kuna mambo ambayo karakana ya chuo haiwezi kuyafundisha hata ikiwa nzuri namna gani. Alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi, wakawa wanabadilishana zamu: juma moja chuoni, juma moja kiwandani. Aliyeona jambo kiwandani alirudi na swali darasani, na aliyejifunza kanuni darasani alikwenda kuijaribu kiwandani.

Wajerumani nao wana desturi ya muda mrefu ya kumlea kijana mahali pawili kwa wakati mmoja, na sheria ya mwaka 1969 iliiweka desturi hiyo katika utaratibu mmoja kwa nchi yao ya Magharibi, kabla Ujerumani mbili hazijaungana. Kijana hufanya mkataba na mwajiri, hushinda siku nyingi za juma kazini, na siku moja au mbili huenda shule ya ufundi kusoma nadharia.

Hapa kwetu pia mbegu ilipandwa zamani. Shule ya ufundi ya Ifunda, mkoani Iringa, ilianza mwaka 1951, na ya Moshi mwaka 1957. Mwaka huo huo wa 1957 kilianza chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 1997 kinaitwa Taasisi ya Teknolojia. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na kazi za watu wake. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha VETA. Na kuanzia mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza mkondo wa amali tangu Kidato cha Kwanza, kufuatana na Sera ya Elimu iliyotolewa upya mwaka 2023.

Sisi wa Kidato cha Nne tulianza kabla ya mpango huo. Lakini sioni sababu ya kusema kwamba mambo ya amali ni ya wadogo zetu tu. Wazee walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Hawakusema kwamba asali ni ya mkondo mmoja.

MAMBO MATANO YA KUFUATA

Kutokana na hayo yote, nimeandika mambo matano ambayo naona yafaa kufuatwa na mtu anayetengeneza somo la namna hii.

La kwanza: aanze mwisho, arudi mwanzo. Asijiulize, "Nina mada gani?" Ajiulize, "Mtu mwenye kazi hii hufanya nini kwa mikono yake, huamua nini kwa akili yake, na akikosea hupoteza nini?" Akishapata majibu, ndipo atafute mada iliyomo katika mtaala. Chukua mfano wa mashine ya kusaga mahindi. Mota huzunguka mara 1,450 kwa dakika, nayo ina puli yenye kipenyo cha milimita 200. Puli ya kinu ina milimita 100. Kinu kitazunguka mara ngapi? Twazidisha 1,450 kwa 200, twagawanya kwa 100, twapata 2,900. Hiyo ni hesabu ya Kidato cha Pili. Lakini sasa uliza: puli ya kinu imevunjika, na dukani kuna ya milimita 80 tu, je, mwenye mashine aifunge? Kinu kitazunguka mara 3,625. Kama kinu kiliundwa kwa mwendo wa 2,900, nyundo zake na fani zake zitabeba nguvu ambazo hazikukusudiwa, na mtu aliyesimama karibu yuko hatarini. Swali la kwanza lina jibu, na la pili lina jibu pamoja na dhamana.

La pili: kiwepo kitu cha kupimwa na mpaka wa kukubaliwa. Darasani tumezoea jibu moja lililo sahihi na mengine yote makosa. Kiwandani hakuna chuma chenye milimita 25 kamili bila kuzidi wala kupungua hata chembe. Kuna kipimo kinachotakiwa na kuna mpaka wa kusamehewa. Mwanafunzi asipozoea mpaka huo, huwa mtu wa namna mbili mbaya: ama hulegea akasema "yakaribia, yatosha", ama hupoteza siku nzima akitafuta ukamilifu usiohitajiwa.

La tatu: kazi igawanywe na zamu zibadilishwe. Mmoja akate, mmoja apime, mmoja akague, mmoja aandike. Baada ya saa moja wabadilishane, na anayeondoka amwandikie anayeingia taarifa ya makabidhiano: kazi imefika wapi, zana gani ina kasoro, jambo gani la hatari. Nilidhani hili ni jambo jepesi mpaka nilipopewa taarifa ya mwenzangu iliyosema "kila kitu kiko sawa", nami nikashika msumeno uliokuwa na mpini uliolegea. Kuandika Kiswahili kilicho wazi ni kazi ya ufundi kama kupiga randa.

La nne: usalama uwe ndani ya somo, usiwe tangazo la ukutani. Tulipojifunza kutengeneza sabuni katika Kemia, mwalimu hakutupa mafuta na kostiki mpaka kila mmoja alipoeleza kwa nini kostiki hutiwa ndani ya maji na si maji kumiminwa juu ya kostiki. Kostiki huunguza ngozi na macho, nayo ikikutana na maji hutoa joto kali. Maji yakimwagwa juu yake yaweza kuchemka na kuruka. Msichana asiyeweza kueleza alingoja. Hakuna aliyeona haya, kwa maana wiki ile ile mwingine alingoja mara mbili.

La tano: kosa liandikwe na litafutiwe sababu, lisifichwe. Katika mtihani kosa ni alama iliyopotea, basi hatupendi kulitazama tena. Lakini kosa la miguu yetu ya stuli ndilo lililotufundisha kuliko miguu yote iliyopita. Mwalimu alitoa alama 4 kati ya 10 kwa ajili ya taarifa peke yake: tulifanya nini, tulikosea wapi, tutazuia vipi. Kundi letu lililoharibu kazi lilipata alama zote 4.

MASHAKA YA WATU

Najua kuna watakaosema maneno kinyume na haya, na baadhi ya maneno yao ni ya kweli.

Wa kwanza watasema, "Mtihani wa taifa uko mbele, na kaya hulishwa na cheti." Ni kweli. Mimi pia naogopa mtihani. Lakini darasa letu lilitumia vipindi 4 tu kwa kazi ya stuli, na mada tulizopitia ni za mtaala ule ule. Kosa la sifuri sitalikosea tena, wala siwezi kusema kwamba nilipoteza wakati.

Wa pili watasema, "Shule haina mitambo." Nami najibu kwamba kigezo chetu kilikuwa kipande cha ubao. Bila shaka tungependa karakana nzuri, na wazazi wenye uwezo wasinyamaze. Lakini kungojea mtambo ili tujifunze kupima ni kama kungojea jahazi ili tujifunze kuogelea.

Wa tatu watasema, "Viwanda hubadilika; mashine mnayojifunza leo kesho haipo." Hilo ndilo neno zito kuliko yote. Leo viko viwanda ambavyo chuma hukatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, na fundi hukaa pembeni akitazama kioo. Basi tusifundishe mashine moja kana kwamba ni dini. Tufundishe mambo yasiyozeeka: kupima, kuandika, kulinganisha, kutafuta sababu, kumlinda mwenzako. Mashine ya kompyuta nayo ikipewa sifuri isiyo ya kweli itakata vipande elfu moja, vyote vibovu, tena kwa haraka kuliko mtu.

Wa nne ni wazazi, nao watasema, "Sikumpeleka mwanangu shule akafanywe kibarua." Wana haki. Kulima shamba la shule bila kujua kwa nini mbegu hupandwa kwa nafasi hii na si ile, hiyo ni kazi, si somo. Kubeba matofali ni kazi, si somo. Dawa yake ni rahisi: kama mwanafunzi hana cha kupima, cha kuandika wala cha kueleza, basi isiitwe somo. Mwalimu na ajiulize swali hilo kila mara, nasi wanafunzi tupewe ruhusa ya kuliuliza kwa adabu.

Na kwa kuwa shule yetu ni ya wasichana, kuna neno la tano ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Nilipomwandikia mama habari za msumeno, alinijibu akiuliza kama shule imekosa mafundi wanaume. Nikamjibu kwa heshima: "Mama, wewe hupima unga na maji bila mizani na ugali wako haujapata kuharibika. Ulikuwa fundi kabla yangu. Mimi nimeongeza rula tu." Likizo iliyopita aliniomba nimtengenezee meza ya jikoni iliyokuwa ikitikisika. Nilitengeneza kigezo kwanza.

OMBI LANGU

Namwomba Mwalimu Mkuu na walimu wetu waniwie radhi kama nimesema zaidi ya kimo changu. Ombi langu ni dogo. Kila muhula, kila kidato kipewe kazi moja ya kweli yenye mtumiaji wa kweli: stuli za maabara, sabuni ya bweni, hesabu ya kuni za jikoni, bomba linalovuja. Masomo mawili au matatu yakutane katika kazi hiyo. Fundi mmoja kutoka nje aje aikague kama anavyokagua kazi ya wafanyakazi wake, bila huruma na bila matusi. Na taarifa ya makosa ibandikwe ukutani ili kidato kitakachofuata kianzie pale sisi tulipoishia.

Kaka yangu sasa anasoma chuo cha ufundi. Katika barua yake ya mwisho aliniambia kwamba kila asubuhi, kabla ya kugusa kitu, huifunga kalipa yake na kutazama sifuri. Alilipa bei kubwa kwa somo hilo. Mimi nililipa saa moja na nusu na kikombe cha chai. Nataka wadogo zetu walilipe hapa shuleni, ambapo bei yake ni nafuu.

Msomaji, ukiingia maabara yetu, kaa juu ya stuli yoyote iliyo karibu na dirisha. Haitatikisika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hizi, nyingine ziliundwa mara mbili.